Mlingoti na Mkwezi: Kazi ya Kupanda Mlingoti na Safari ya Maneno Yake hadi Sigowet

Katika shule za Sigowet, kwenye nyanda za chai za Kericho, mlingoti ni kitu cha kila juma. Jumatatu na Ijumaa wanafunzi hukusanyika mbele yake, bendera ikapandishwa, na mkono wa mtoto mmoja avutaye kamba hutosha kwa kazi yote. Alasiri neno hilo hilo husikika tena uwanjani, mpira unapogonga mlingoti wa goli na nahodha wa timu akashika kichwa. Mlingoti wa tatu ni ule wa chuma usimamao juu ya kilima, ukibeba mitambo ya simu. Kutoka hapo hadi bandari ya Mombasa ni safari ya zaidi ya kilometa 700, na mlingoti wa asili, yaani ule wa chombo cha tanga, hauonekani popote katikati ya michai. Hata hivyo neno limefika, tena limefika pamoja na jamaa zake: nahodha, usukani, nauli, pakia, pakua. Makanga wa matatu huyatamka maneno hayo kutwa nzima, na hayumkini akikumbuka kwamba yalikuwa ya chombo kabla ya kuwa ya gari.

Lakini si jamaa wote waliosafiri. Henza, jarari, gofia, foromali, joshi na demani yalibaki pwani, na pamoja nayo ukabaki ujuzi ambao ndio shabaha ya makala haya: namna mtu anavyopanda mlingoti wa chombo cha tanga, akafanya kazi yake huko juu, akashuka mzima. Bara ilipokea jina la kitu ikaacha maneno ya kazi. Hilo lisingekuwa na uzito wowote kama bara isingekuwa na milingoti ya kupandwa. Siku hizi inayo, na watu huipanda kwa riziki yao.

Vyombo vya tanga katika mwambao huu ni vya kale. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa kwa kamba katika sehemu za Rhapta. Mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao nao ulishonwa bila misumari, ulikuwa na mlingoti uliosimama wima na tanga la mkeka la umbo la mraba. Ulitoweka baharini kabla ya katikati ya karne ya 20, na leo hujulikana kwa vielelezo vya makumbusho. Katika lipu ya kuta za Kilwa, Songo Mnara na Gedi imo michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwa ncha ya kitu kikali, ambayo Peter na Margaret Garlake waliichapisha mwaka 1964. Mchoraji wa michoro ya namna hiyo huenda akaacha mambo mengi ya chombo, lakini mlingoti na kamba zake hauachi kwa urahisi, kwa kuwa ndio unaokifanya chombo kionekane kuwa chombo.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Waarabu wa Ghuba huuita mlingoti daqal, na boriti ndefu inayobeba tanga huiita farman. Waswahili waliichukua hiyo ya pili wakaifanya foromali, lakini ile ya kwanza hawakuichukua. Mlingoti umekaa katika ngeli ya miti, mlingoti na milingoti kama mti na miti, nao kwa hakika ni mti uliokatwa, ukachongwa, ukasimikwa upya mahali pasipo udongo. Maneno mengine ya chombo yana asili mbalimbali: nahodha na nanga ni ya Kiajemi, usukani na baharia ni ya Kiarabu, roda na bendera ni ya Kireno. Kitenzi cha kupanda, kwa upande wake, ni cha Kibantu kabisa. Kukwea ni ndugu wa kwera ya Kichewa na khwela ya Kizulu, ambayo hunasibishwa pia na muziki wa kwela wa Afrika Kusini. Kwa hiyo baharia aliyetumwa juu alikwea kwa kitenzi cha wazee wake wa nchi kavu, na kule juu akakutana na kamba za Kiarabu na gurudumu la Kireno.

Ili kufahamu kwa nini mabaharia wa jahazi walipanda mlingoti mara chache kuliko wenzao wa meli za Ulaya, ni lazima kueleza jinsi tanga linavyopandishwa. Mlingoti wa jahazi umeinama kidogo kuelekea omo, ili foromali, ambayo ni nzito na ndefu, mara nyingi ndefu kuliko mlingoti wenyewe, ipate nafasi ya kuning'inia bila kuugonga. Foromali imefungwa kwenye henza, kamba nene ipitayo katika roda iliyo kwenye kichwa cha mlingoti na kushuka upande wa pili. Ncha ya chini ya henza ina gofia kubwa, na ndani ya gofia hiyo hupita jarari, kamba nyembamba zaidi ambayo mabaharia huivuta kwa pamoja, mara nyingi kwa wimbo. Frederick Johnson aliyaingiza maneno hayo katika kamusi yake ya mwaka 1939, na kabla yake A. C. Madan katika ile ya 1903. Kazi ya vifaa hivyo yote ni moja: kitu kilicho juu kishuke kilipo mtu. Tanga likipasuka, foromali huteremshwa na tanga hushonwa sitahani. Foromali ikipata ufa, hufungwa kamba hapo hapo chini. Baharia wa jahazi hakuhitaji kutembea juu ya boriti katikati ya dhoruba ili akunje tanga, kwa kuwa tanga lilimfuata sitahani.

Watu wa Unguja waliweza kuulinganisha mpango huo na mwingine uliokuwa mbele ya macho yao. Manowari ya Kiingereza HMS London ilitia nanga bandarini toka mwaka 1874 hadi miaka ya mwanzo ya 1880, ikiwa kituo cha mashua zilizopambana na biashara ya watumwa. Katika meli za aina hiyo matanga ya mraba hukunjwa palepale yalipo, kwenye boriti zake, na kwa hiyo kila amri ya kupunguza tanga ni amri ya kupeleka watu juu. Ndiyo sababu kamba zishikazo mlingoti ni za kudumu pande zote mbili, na baina yake hufungwa vipandio vya kamba kama ngazi. Jahazi haliwezi kuwa na ngazi ya namna hiyo. Linapogeuza tanga, foromali husimamishwa wima, ikapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na kamba za kuushika mlingoti huhamishwa kuufuata upepo. Ngazi isiyohama ingekuwa kikwazo. Mzungu aliyeitazama jahazi akasema kwamba Waswahili hawakujua kutengeneza ngazi hakuielewa jahazi.

Hata hivyo kulikuwa na kazi zisizokubali kuteremshwa. Roda ya kichwani ikikwama au ikikauka mafuta, henza ikichomoka katika njia yake, au nahodha akitaka jicho la kutazama mwamba na rangi ya maji kabla ya kuingia mlangoni mwa bandari, hapana budi mtu apande. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, alipiga picha za mabaharia hao wakiwa kazini, na kitabu chake cha 1940 kimekuwa hazina kwa kila mwenye kuchunguza mambo haya.

Mtu wa pwani aliyepanda mlingoti hakuanza kujifunza baharini. Alianza mnazini. Kiswahili kina mkwezi, mtu ambaye kazi yake ni kukwea minazi na kuangua nazi, na kina mgema, akweaye kila siku kwa ajili ya tembo. Kina pia kitenzi paraga, yaani kupanda kwa kuukumbatia mti, mikono ikivuta na miguu ikisukuma. Wakwezi wa sehemu nyingi hutia miguu yao katika kitanzi kifupi cha kamba, kitanzi kikabana shina, na uzito wa mwili ukahama kutoka mikononi kwenda miguuni. Mikono huchoka mapema, miguu huchelewa. Katika minazi mingine hukatwa vidato, yaani chale za kuwekea nyayo. Neno hilo kidato lilifanya safari ya ajabu kuliko mlingoti, kwani kutoka chale ya mnazi likawa kipandio cha ngazi, na kutoka hapo likawa daraja la shule ya sekondari. Mwanafunzi wa Sigowet anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne amesimama, kwa lugha, juu ya shina la mnazi ambao pengine hajauona.

Mnazi na mlingoti havifanani kabisa, na tofauti hizo ndizo zilizokuwa elimu ya baharia. Shina la mnazi lina makovu ya makuti yanayoshika unyayo, ilhali mlingoti ni laini, tena hauna budi kuwa laini, maana kamba inayofungamanisha foromali na mlingoti hupanda na kushuka juu yake. Kuukata vidato ni kuudhoofisha mahali unapobeba uzito, na kila chale ingekamata kamba. Mnazi huyumba kwa upepo tu, lakini mlingoti huyumba kwa upepo na kwa wimbi. Mtu aliye meta 10 juu ya sitaha, chombo kikilala nyuzi 10 upande huu na nyuzi 10 upande ule, husafirishwa angani karibu meta tatu na nusu kila mara, huku wenzake walio chini wakihisi mtikisiko mdogo tu. Aliye sitahani huwa mwepesi wa kusema kwamba bahari imetulia.

Kutokana na hayo huonekana sababu za desturi mbili. Ya kwanza ni kupanda upande wa joshi, unakotoka upepo. Chombo kikiwa kimelala kwa tanga, mlingoti huinamia demani; apandaye kutoka joshi huwa na mti chini ya kifua chake kama mtu apandaye mlima, na apandaye kutoka demani huning'inia chini yake kama popo. Ya pili ni kwamba nahodha hageuzi tanga wakati mtu yuko juu. Foromali inapopitishwa mbele ya mlingoti na kamba kuhamishwa, hakuna mahali salama pale kichwani. Hapa kamusi haisaidii sana. Hueleza vizuri jarari ni nini, wala haielezi ni nani apandaye jarari ikikwama, kwa saa gani, na ni nani apaswaye kunyamaza asitoe amri mpaka mwenziwe ashuke. Ilani za namna hiyo zilikaa vinywani mwa manahodha, na manahodha wa tanga wamepungua tangu mashine ya dizeli ilipoingia katika majahazi.

Katika vyombo vidogo suala hili hata halikuzuka. Mlingoti wa ngalawa au wa mashua ndogo hung'olewa na kulazwa. Ndivyo ilivyo pia katika mashua za tanga za wavuvi wa Ghuba ya Winam, upande wa magharibi wa nyanda za Kericho, ambazo ndizo zenye milingoti ya kweli iliyo karibu zaidi na Sigowet. Tanga la pembetatu lilifika ziwa hilo pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Mmoja wao, Songoro, alikuwa akiunda vyombo huko Ukerewe hadi alipouawa mwaka 1877 katika ugomvi uliowaua pia wamisionari wawili wa Kiingereza.

Mlingoti wa bendera ulifika bara kwa njia nyingine. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Unguja na kuizamisha Glasgow, meli ya Sultani. Vita hivyo havikutimiza saa moja, na mwisho wake ulijulikana kwa bendera nyekundu ya kasri kuanguka. Kwa miaka mingi baadaye milingoti mitatu ya Glasgow ilionekana ikichomoza juu ya maji mbele ya mji, haina tanga wala bendera, wala mtu wa kuipanda. Serikali mpya nazo zilisimika milingoti yao nchi kavu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na boma za utawala zilipojengwa katika nyanda za juu, mlingoti ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusimamishwa mbele ya ofisi, na askari waliopandisha bendera waliongea Kiswahili. Mashamba makubwa ya chai yaliyoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920 yalikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi na ya mizani ya majani. Mwaka 1963 bendera ikabadilika. Mlingoti ulibaki ule ule.

Lililopotea njiani ni kwamba kamba ya bendera ni jarari. Inafungwa kwa kitu, inapita katika roda iliyo juu, inarudi mikononi mwa mtu aliye chini, na kazi yake ni ile ile ya kumwepusha mtu na kupanda. Lakini shuleni huitwa kamba tu. Hapana ubaya katika neno kamba. Ubaya upo pale ambapo lugha ikihitaji kutofautisha kamba mbili zenye kazi mbili, hukimbilia kukopa huku ina yake ndani ya sanduku.

Haja hiyo imekwisha kuja. Katika hori za Kilifi na Mtwapa hutia nanga vyombo vya matembezi vya wageni na vya wenyeji, vyenye milingoti mirefu ya aluminiamu ambayo haiwezi kukumbatiwa kama mnazi, na fundi wa pwani huitwa kupanda akabadilishe taa au roda. Utaratibu wake waweza kuelezwa kwa maneno ya kale bila shida yoyote. Apandaye huvaa mkanda wa kiunoni na mapajani, naye hufungwa kwa jarari mbili: moja ya kumwinua, ya pili ya kumdaka ile ya kwanza ikikatika. Kila jarari hufungwa mwilini kwa fundo, wala haitegemei kishikizo cha chuma kiwezacho kufunguka kikigongwa. Kabla ya kuondoka hujining'iniza karibu na sitaha, akijitikisa kwa uzito wake wote, ili kama roda ni mbovu ijulikane akiwa bado nusu meta kutoka mbaoni. Aliye chini hushika ncha ya jarari akiwa ameizungusha kwenye winchi, hatazami pengine, hapokei simu, wala hasimami mahali ambapo spana yaweza kuangukia. Vifaa hufungwa kwa ugwe. Saa huchaguliwa: maji yakiwa yametulia, pasipo na kivuko wala boti ya mwendo mkali karibu, kwani wimbi dogo la kupita hupiga kichwa cha mlingoti kama fimbo. Na kushuka kwahitaji uangalifu zaidi ya kupanda, maana mikono imechoka na moyo umekwisha kuona kazi imemalizika.

Kilometa 700 kutoka hapo, fundi wa mlingoti wa simu juu ya vilima vya Kericho hufuata kanuni isiyo na tofauti ya msingi. Hupanda akiwa na kulabu mbili, na haifungui moja kabla ya nyingine kushika chuma. Vyuma anavyokanyagia ni vidato kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo. Yeye pia ana joshi na demani yake, ingawa hatumii majina hayo, na ana hatari ambayo baharia wa kaskazi hakuifahamu kwa wingi huo: Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mawingu ya radi hujikusanya alasiri, upepo wa ziwa unapokutana na ule wa nyanda za juu. Kwa hiyo naye huchagua saa, na saa yake ni asubuhi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwaeleza wafanyakazi wake hatari za kazi na namna ya kujikinga. Maelezo yakiandikwa kwa Kiingereza, kisha yakatafsiriwa kwa haraka, kila kamba huwa kamba, kila kupanda huwa kupanda, na amri inayohitaji kueleweka katika nusu dakika huwa sentensi ya mistari mitatu. Wataalamu wa istilahi wamekuwa wakitafuta maneno katika Kiarabu, katika Kiingereza na katika lugha nyingine za Kibantu. Kazi za bahari hazikupekuliwa vya kutosha, labda kwa dhana kwamba ni maneno ya mwambao yasiyomfaa mtu wa nyanda za juu. Dhana hiyo inapingwa na nahodha wa timu, na usukani wa matatu, na mlingoti wenyewe. Mtu wa Sigowet hakuyakataa maneno ya chombo yaliyomfikia, bali aliyatumia mara moja alipoona kazi yake. Jarari na kidato vyafaa kupewa nafasi hiyo hiyo. Kuhusu henza na gofia inawezekana kabisa kwamba hazitahitajika bara, nazo zaweza kubaki kwa Walamu.

Katika shule kadhaa mlingoti wa bendera umefungwa kwa bolti mbili baina ya nguzo fupi mbili zilizojengewa saruji. Roda ikikwama, bolti ya chini hutolewa, watu wanne wakaushika mlingoti, wakaulaza taratibu juu ya majani, na mwalimu akairekebisha roda akiwa amechuchumaa. Mvuvi wa Winam na mwenye ngalawa wa Unguja wangeitambua kazi hiyo papo hapo.